Naombeni ushauri: masaa manne ya mafunzo ya utamaduni kabla ya kambi ya matibabu, nifundishe nini?

NesiMsafiri: Wadau, habari zenu. Nimepewa jukumu la kuandaa timu ya watu 14 tunaokwenda kambi ya matibabu ya wiki mbili ugenini. Muda ni masaa manne. Safari iliyopita tuligawiwa karatasi ya "fanya hivi, usifanye vile" tukapanda ndege. Huko nilimpa mama mmoja vidonge vya presha. Kila nikimuuliza "umeelewa?" anaitikia kwa kichwa. Siku ya nne akarudi: kumbe anavimeza siku kichwa kikimuuma tu. Hadi leo sijamsahau.

MzeeWaWodi: Hiyo karatasi tupa. Madaktari wa Marekani Melanie Tervalon na Jann Murray-García waliliandika hili mwaka 1998: utamaduni wa mtu si somo unalohitimu, unahitaji unyenyekevu wa kuendelea kujifunza. Wafundishe kuuliza. Chukua maswali ya kumuuliza mgonjwa ya Arthur Kleinman, daktari wa akili na mwanaanthropolojia, na wenzake, yapo tangu 1978: unadhani ugonjwa huu umeletwa na nini? Unakuogopesha nini zaidi? Unatarajia tiba gani? Wayafanyie mazoezi wawili wawili, mmoja awe mgonjwa. Na "umeelewa?" ife kabisa, maana nani atakubali mbele ya daktari mgeni kwamba hajaelewa? Mwambie, "Hebu nieleze ukifika nyumbani utavimeza vipi." Yule mama ungemjua palepale.

Mkalimani_77: Saa nzima iwe ya ukalimani, dada. Mtazame mgonjwa, usinitazame mimi. Sema sentensi moja au mbili, unyamaze. Nikitafsiri kwa kirefu usinikatize, pengine neno lako halipo kwa lugha yetu na ninalizunguka. Na msimtumie mtoto wa mgonjwa. Nimeona kijana akitakiwa kumuuliza mama yake habari za hedhi. Wote wawili waliinamisha vichwa, na jibu lililokuja halikuwa la kweli.

Kidumu: Mzee, nakupinga kidogo. Karatasi ina kazi yake: nani anaombwa ruhusa, mgonjwa anavuliwa nguo mbele ya nani. Ila waiandike wenyeji.

MzeeWaWodi: Hapo sawa.

BibiDawa: Mnaongelea heshima, na presha ni ya maisha. Mkishaondoka nani atampima, na vidonge vikiisha atavipata wapi? Mkitoa dawa ambayo kituo cha pale hakina, hata mkimsalimia kwa lugha yake mmemtelekeza. Picha za wagonjwa nazo zipigwe marufuku, huwa hazikosekani mtandaoni.

NesiMsafiri: Asanteni sana. Nimemwandikia muuguzi mwenyeji nikimwomba aongoze saa ya kwanza kwa video. Amekubali, ila kwanza anataka orodha ya dawa tutakazobeba. Hatuna bado, ndiyo nakaa kuiandika sasa.