"Ticket" kwa Kihispania: billete, boleto au entrada?

Swali

Habari za leo, wanajukwaa. Ninatafsiri kutoka Kiingereza kwenda Kihispania maandishi ya programu ya simu ya wasafiri, na neno "ticket" limenikwamisha, kwa sababu mahali pamoja ni tiketi ya treni, pengine ni ya kuingilia makumbusho, na kwingine ni karatasi anayoandikiwa dereva aliyeegesha gari vibaya. Kamusi yangu inataja billete, boleto na entrada bila maelezo. Je, ninaweza kuchagua moja nikalitumia kote?

Jibu la kwanza

Hapana, ndugu yangu. Nchini Hispania anayesafiri kwa treni au ndege hukata billete, ilhali anayekwenda sinema, makumbusho au uwanja wa mpira hununua entrada. Karatasi ya dereva ni faini, nayo huitwa multa. Hapo ndipo pa kuwa makini zaidi, kwa kuwa "parking ticket" huweza pia kuwa kile kikaratasi kinachotolewa na mashine ya langoni, ambacho wengi huandika ticket vilevile, ingawa Akademia ya Kihispania inapendekeza tique. Soma sentensi nzima: ikiwa mtu anaadhibiwa, andika multa.

Jibu la pili

Nakubaliana na mwenzangu, ila umesahau kutuambia wasomaji wako ni wa nchi gani, na hilo ndilo swali la msingi. Mexico boleto hutosha kwa basi, ndege na tamasha, na ukimwambia mtu wa huko billete atafikiria noti ya benki. Argentina tiketi ya ndege au ya basi la masafa marefu ni pasaje, na ya basi la mjini ni boleto. Kolombia husema tiquete kwa ndege na boleta kwa tamasha, lakini boleta hiyohiyo ukiivusha hadi Chile inakuwa risiti ya dukani.

Muulizaji

Ahsanteni sana. Wasomaji ni wa Mexico, kwa hiyo nitaweka boleto kwa safari na makumbusho, na multa kwa dereva. Limebaki moja: "ticket" ambayo mteja hufunguliwa anapowasilisha tatizo kwa kitengo cha huduma.

Jibu la pili

Hiyo si boleto kabisa. Wanaofanya kazi hizo huiacha ticket kama ilivyo, lakini kwa mteja wa kawaida solicitud, yaani ombi, inaeleweka bila shida.