Tupeane uzoefu: mgeni wa miaka 2 anafika kesho, mezani uweke nini?

Sufuria Ndogo (mwenye uzi)
Wadau, habari zenu. Kesho kuna mgeni wa miaka 2, anaachwa hapa saa 3 asubuhi mpaka saa 11 jioni. Nyumba hii haijaona mtoto wa umri huo siku nyingi, hata kiti chake hakuna. Kwenye friji kuna mayai, soseji, zabibu, mtindi, maziwa, karoti na parachichi 2. Kabatini mchele, oti, maharage na siagi ya karanga. Ndizi mbivu zipo. Wakubwa tunakula chetu chenye pilipili. Mwageni uzoefu: kipi huliwa na kipi huishia sakafuni?

Mpishi wa Zamu
Kabla ya sufuria, shika simu. Mzazi muulize mambo matatu: kipi kinamdhuru, huwa anakula saa ngapi, na jana alikula nini akamaliza.

La kwanza usiulize kwa jumla, maana ukisema "ana mzio?" wengi hujibu "hana" kwa mazoea tu. Taja kimoja kimoja: maziwa, mayai, karanga, korosho na jamaa zake, samaki, kamba na kaa, ngano, soya, ufuta. Utaona mtu aliyesema "hana" anavyokumbuka ghafla kwamba yai lilimtoa vipele.

La tatu ndilo la kukuokoa. Mtoto wa umri huu huenda akahitaji kuonjeshwa kitu kipya mara 8, mara 10, wengine 15, ndipo akikubali. Wewe una siku moja. Mpe anachokijua, hiki kingine waachie wenyewe nyumbani kwao.

Mama Pacha
Umemaliza. Siku ya ugeni si siku ya kumfundisha mtu mboga.

Jiko la Nyuma
Kuhusu kiasi, wengi hukosea hapa. Kipimo rahisi ni kijiko 1 cha chakula cha kila kitu kwa kila mwaka wa umri. Miaka 2: wali vijiko 2, maharage vijiko 2, karoti vijiko 2. Ukiiangalia sahani utaona aibu, utadhani unamnyima. Usiongeze. Sahani ikijaa, mtoto haoni chakula, anaona kitu cha kumwaga. Akimaliza, muongeze kijiko kimoja kimoja.

Saa nazo: kitafunwa saa 4, chakula saa 6 na nusu kabla ya usingizi wa mchana, kitafunwa tena saa 9 na nusu. Katikati ya hapo ni maji tu. Anayelishwa biskuti kila baada ya nusu saa ili atulie hatakula saa 6, halafu mtasema mchaguzi.

Kikaango Moto Mdogo
Kwa vitu ulivyovitaja, kitafunwa cha saa 4 tayari unacho. Ndizi 1 iliyoiva hadi kuwa na madoa, yai 1, oti vijiko 4 vya chakula zilizosagwa. Ponda ndizi, piga na yai, tia oti, acha dakika 5 oti zinywe unyevu. Sukari usiweke, ndizi inatosha. Paka mafuta kidogo kwenye kikaango, moto mdogo, mimina kijiko 1 tu cha chakula kwa kila kimoja. Subiri dakika 2 au 3, kingo zikikauka geuza. Vinatoka kama 8 hadi 10, na hukaa friji mpaka kesho yake.

Yanayoharibika ni mawili. Ukimimina vikubwa vinakatika ukigeuza, kwa sababu hamna unga wa ngano wa kuvishikilia. Na ukiongeza moto, sukari ya ndizi inaungua nje huku ndani yai bado bichi. Mtoto akiuma akakuta ute, basi, hata kile kizuri hatakigusa.

Babu Mtundu
Mnapika keki kwa mtu wa sentimita 85. Kata soseji duara duara, zabibu bakuli moja, mwekee mezani ajihudumie. Watoto wote wanapenda.

Muuguzi wa Usiku
Babu, shikamoo, lakini hapo simama kidogo. Umenigusa penyewe.

Soseji iliyokatwa kama sarafu, zabibu nzima, vile vinyanya vidogo: vyote ni ndugu. Vina mviringo, vinateleza, vinabonyea, na upana wake unakaribiana na njia ya hewa ya mtoto. Kikiingia kinakaa kama kizibo cha chupa, na kwa kuwa kinabonyea kinaziba pembe zote, hata upenyo wa hewa hauachi. Isitoshe magego yake ya mwisho ya utotoni huota kati ya miaka 2 na 3. Anauma vizuri kwa mbele, ila kusaga hajui.

Picha yenyewe huwa hivi. Wakubwa wako kwenye maongezi. Mtoto anazunguka sebuleni na zabibu mdomoni, mtu anamtekenya, anavuta pumzi ili acheke. Kicheko hakitoki. Hakuna kelele yoyote, na hapo ndipo watu hudanganyika, wanangoja akohoe. Yule anayekohoa kwa nguvu, uso umeiva, machozi yanamtoka, hewa inapita kwake. Mwache akohoe, kaa naye karibu. Wa kutisha ni huyu aliyenyamaza: mdomo wazi, macho yamemtoka, mikono inapapasa, midomo na ulimi vinaanza kubadilika rangi. Meza nzima inaweza kuendelea kuzungumza yeye akiwa hivyo, hatua 2 nyuma ya kiti.

Kwa aliyetimiza mwaka 1 na zaidi: ita msaada kwa sauti. Mwinamishe mbele, mshike kifuani kwa mkono mmoja, mpige mgongoni katikati ya mabega kwa kitako cha kiganja, mara 5, ukiangalia kila pigo kama kimetoka. Hakijatoka, piga magoti nyuma yake, mkumbatie, ngumi yako ikae juu ya kitovu na chini ya mbavu, mkono wa pili uishike ngumi, vuta ndani na juu kwa mkupuo, mara 5. Rudia mgongo 5, tumbo 5. Akilegea na kupoteza fahamu, mlaze chali sakafuni, anza kubonyeza kifua na kumpulizia pumzi, na simu ya dharura iwe imeshapigwa. Hata kikitoka salama, mtoto aliyevutwa tumbo apelekwe akaangaliwe, maana mvuto ule unaweza kuumiza vya ndani.

Msomaji Kimya
Nilikuja kutafuta mapishi, sasa nasoma huku nimesimama.

Babu Mtundu
Marahaba. Lakini hizo ni mbwembwe. Anashikwa miguu juu kichwa chini, anatikiswa, kinaanguka. Au unatia kidole unakikwangua. Au maji.

Muuguzi wa Usiku
Kidole kinachopapasa bila kuona kinakisukuma chini zaidi. Ukikiona wazi na kinashikika, kitoe. Hukioni, kidole kaa nacho. Maji hayapiti mahali ambapo hata hewa haipiti. Yanaongeza tatizo la pili. Na kumning'iniza mtoto wa kilo 12 mwenye kujitupatupa ni kutafuta kumvunja shingo juu ya kukabwa.

Babu Mtundu
Sawa daktari.

Muuguzi wa Usiku
Muuguzi.

Mama Pacha
Jamani, mwenye uzi aliuliza mapishi, tumempeleka chumba cha dharura. Rudini jikoni.

Kisu Butu
Jikoni tunarudi, na kisu ndicho jibu. Hakuna haja ya kuvitupa vitu vyako, vikate tu.

Zabibu ikate kwa urefu, vipande 4. Kwa urefu, nasisitiza. Ukiikata katikati kwa upana umetengeneza vizibo 2 vifupi. Soseji vilevile, kwa urefu mara 4, kisha vipande vidogo. Lakini soseji ina chumvi nyingi, ningeiacha wale wakubwa. Karoti mbichi ikwaruze kwa kikwaruzio, au ikate vijiti vya urefu wa kidole uive kwa mvuke dakika 10 hadi 12. Kipimo: ibane kati ya gumba na kidole cha pili. Ikipondeka bila kutumia nguvu, imefika. Ikikuteleza, rudisha.

Siagi ya karanga (kama mzazi ameshasema karanga hazina neno) usimpe kwenye kijiko. Bonge lake linanata kaakaani halisogei. Kijiko 1 cha chai ukoroge na mtindi vijiko 2 vya chakula mpaka iwe laini, hapo umepata kitu cha kuchovyea karoti. Karanga nzima na bisi, ngojea hadi atimize miaka 5.

Ndizi na parachichi: salama, ila zinamponyoka mkononi mpaka anakasirika. Zigaragaze kwenye oti zilizosagwa, zinashikika.

Jiko la Nyuma
Au ndizi iachie nusu ya ganda kwa chini, ioshe kwanza. Ganda linakuwa mpini.

Kisu Butu
Atakula ganda.

Jiko la Nyuma
Ataling'ata mara moja, alijue, basi.

Kisu Butu
Utalitoa wewe mdomoni.

Mpishi wa Zamu
Chakula cha saa 6 na nusu: wali laini, maharage yaliyopondwa kidogo, karoti, parachichi. Yote kando kando, yasigusane. Mtoto akikuta mchuzi umeingia kwenye wali hali vyote viwili. Fungu lake litoe sufuriani kabla ya chumvi na pilipili, usije ukajaribu kuliosha baadaye, pilipili haioshwi. Maharage yaponde kwa uma hadi maganda yapasuke, na acha vijiko 2 vya mchuzi wake, makavu hukwama.

Kama hataki maharage, yai 1 piga na maziwa vijiko 2 vya chakula, moto mdogo, funika dakika 4 mpaka juu pasitikisike. Likate mistari ya upana wa kidole. Usilivuruge, punje za yai zinadondoka zote, mstari anaushika.

Babu Mtundu
Wali wa jana si upo? Pasha moto.

Kikaango Moto Mdogo
Ulilala wapi huo wali? Kama ulipozwa ndani ya saa 1 ukaingia friji, na haujapita siku moja, pasha mpaka utoe mvuke kote, mara moja tu, kisha poza. Kama ulilala kwenye sufuria jikoni, hapana. Kuna bakteria kwenye mchele ambao mbegu zake haziuliwi na kuchemsha. Wali ukikaa uvuguvugu zinaamka na kutengeneza sumu, na sumu hiyo kupasha moto hakuiondoi. Mkubwa anaharisha anapona, mtoto anaishiwa maji upesi.

Ukitumia maikrowevu, koroga vizuri kabla ya kumpa. Haipashi sawasawa: mahali pengine baridi, pengine pana moto wa kuunguza ulimi.

Mama Pacha
Vinywaji: maji na maziwa. Maziwa karibu nusu lita kwa siku nzima, ukihesabu na aliyokunywa kwao asubuhi. Yakizidi anashiba maziwa, chakula chenye madini ya chuma hakiingii. Juisi hata ya matunda matupu isizidi nusu kikombe, ml 120 kwa siku, na kwa ugeni huu ningeifuta kabisa. Mkimpa saa 6 kasorobo msimlaumu saa 6 na nusu.

Msomaji Kimya
Na akikataa kila kitu? Katuni?

Jiko la Nyuma
Katuni inafanya kazi.

Mpishi wa Zamu
Katuni haifai. Mtoto anayeangalia skrini anafungua mdomo bila kujua nini kimo ndani, hatafuni. Baada ya uliyoyasoma hapo juu kuhusu zabibu, bado unataka hivyo? Wewe chagua chakula, saa na mahali. Ale au asile, na ale kiasi gani, muachie. Baada ya dakika 20 ondoa sahani bila hotuba, kitafunwa cha saa 9 na nusu hakiko mbali.

Babu Mtundu
Nina dawa. Weka chakula chake kwenye sahani YAKO, ule, ujifanye hutaki kumpa. Atakuja mwenyewe.

Muuguzi wa Usiku
Kwa mara ya kwanza leo nakubaliana na Babu. Hakikisha tu sahani hiyo haina pilipili.

Kisu Butu
Kiti hamna, basi asikalishwe kwenye kiti cha wakubwa juu ya mito, mito inateleza. Tandika kitambaa kinachofutika sakafuni, weka stuli au meza fupi mbele yake, akae wima, miguu iguse chini. Sheria ni moja: chakula kiko pale, ukiinuka umekiacha. Na meza ya wakubwa ondoa kitambaa cha meza kinachoning'inia. Anakivuta ili ainuke, birika la chai linamfuata. Ni jambo la sekunde moja.

Sufuria Ndogo (mwenye uzi)
Asanteni sana. Nimempigia mama yake. Mzio hana, nilitaja vyote 9 kama nilivyoelekezwa. Jana alimaliza viazi vya kuponda. Ila kumbe anakuja na mdogo wake wa miezi 10. Si atakula hivi hivi, nimuongezee asali kidogo kwenye mtindi?

Muuguzi wa Usiku
ASALI HAPANA. Chini ya mwaka 1 hata tone, hata iliyopikwa ndani ya kitu. Inaweza kuwa na mbegu za bakteria ambazo kwenye utumbo wa mtoto mchanga huamka na kutoa sumu ya kupooza misuli. Maziwa ya ng'ombe kwa huyo si kinywaji bado. Ale na maziwa ya mama au ya kopo anayotumia kwao. Mtindi usio na sukari anaweza. Viazi ponda vya wote wawili, chumvi usitie. Na zile hatua nilizoandika si za kwake: chini ya mwaka 1 unamlaza kifudifudi kwenye mkono wako kichwa kikiwa chini ya kifua, mgongoni mara 5, kisha unamgeuza unamsukuma katikati ya kifua mara 5. Tumbo lake haliguswi.

Kikaango Moto Mdogo
Viazi 2 vya wastani, chemsha dakika 15 hadi 20, mwaga maji, rudisha sufuria jikoni dakika 1 vikauke, ponda vikiwa vya moto na maziwa ya huyo mdogo vijiko 3. Usivitie kwenye blenda, vinakuwa gundi.