Ushauri: nyongeza ya mshahara haiji, niende Saudia au nisubiri?

Mpwani_Tu: Salaam wanajukwaa. Mimi ni muuguzi, hospitali ya kaunti hapa Mombasa. Nyongeza tuliyoahidiwa imekuwa wimbo. Kaunti yasema mgao wa Nairobi haujafika, Nairobi yasema hazina tupu. Mshahara wenyewe waingia siku uitakayo. Makato ndiyo hayachelewi: bima ya afya ya SHA 2.75%, ushuru wa nyumba 1.5%. Kuna ajenti amenipatia kazi Saudia. Niende au nisubiri? Usingizi sina.

BabaTuma: Nani alikwambia serikali ikitia saini hulipa? Madaktari walipata mkataba wao 2017 baada ya kugoma siku 100. 2024 wakarudi barabarani siku 56 kwa mkataba ule ule. Wewe wa juzi tu.

Bi_Shuari: Mwanangu, dada yangu alienda Jeddah. Nyumba ameimaliza, ghorofa, vigae mpaka nje. Mume naye kahamia kwa jirani.

NahodhaMstaafu: Na sisi wagonjwa? Juzi nimekaa benchi tangu alfajiri, muuguzi mmoja wadi nzima, chupa za dripu zaisha watu wanaitana wenyewe. Hii kazi ni wito, kijana.

Kifaru_Likoni: Nahodha, wito wakuvusha feri tu kwa kuwa ni bure. Ukishuka Likoni matatu yataka nauli.

Fundi_wa_Hesabu: Mwenye uzi, nyongeza kuchelewa kila mtu amezoea. Una deni?

Mpwani_Tu: Mkopo mdogo wa sacco.

Fundi_wa_Hesabu: Mdogo kiasi gani, na nani kakudhamini?

Mpwani_Tu: Laki nane. Nilihesabu malimbikizo yataingia, nikanunua ploti Mtwapa. Wadhamini ni wenzangu wanne wa zamu. Lakini sitoroki jamani! Nikifika nitakuwa natuma. Na ajenti nishampa nusu, hairudi.

Fundi_wa_Hesabu: Kumbe umekuja kuaga. Sikiza: ukiacha kulipa, sacco itakula akiba yako kwanza, kisha iwageukie hao wanne. Nao nyongeza hawajaiona kama wewe, na wana mikopo yao. Sheria ya ajira ya 2007 yataka mtu abaki na theluthi ya mshahara, wengine hapo washafika. Kabla ya barua ya kuacha kazi, nenda sacco uombe muda wa kulipa uongezwe. Halafu waambie wenzako. Wasisikie ukiwa uwanja wa ndege.

Mpwani_Tu: Nikiwaambia watanizuia.

Mla_Mahamri: Tulieni. Huyu mwezi wa Ramadhani alikuja hapa akiwa dereva wa tuktuk Bamburi, kaachwa na mke, tukamchangia mawazo usiku kucha. Leo muuguzi? Hekaya hii.

Mpwani_Tu: Akaunti natumia na ndugu yangu.

Kifaru_Likoni: 😂😂 Haya muuguzi, dripu ya chumvi ni asilimia ngapi?

Mpwani_Tu: 0.9. Ya sukari 5, kama waitaka nayo. Sasa nijibuni nilichouliza.

Mla_Mahamri: Hata Google yajua hilo.

NahodhaMstaafu: Mimi nilimshauri yule wa tuktuk amrudie mkewe. Alimrudia?

Bi_Shuari: Mwacheni kijana. Mwanangu, mkeo aijua hiyo ploti?

BabaTuma: Mke baadaye. Ploti ina hati? Mtwapa kuna iliyouzwa kwa watu watatu, mmoja wao mimi.

Mpwani_Tu: Hati bado. Aliyeniuzia ni huyo ndugu yangu wa tuktuk.