Wazee 21, dawa 147, na funguo za kabati ninazo mimi

MwenyeFunguo, Nakuru

Hamjambo. Nauliza hasa wale waliowahi kufanya kazi kwenye nyumba ya wazee, au wanaomuuguza mzazi nyumbani.

Niko kwenye nyumba ndogo upande wa Bahati. Wazee ni 21, wengi wao akina shosho, wanaume wachache wenye maneno mengi, na kogo (bibi wa Kikalenjin) mmoja wa Molo anayetutawala sote. Mimi si nesi. Nilisomea kuhudumia wagonjwa miezi sita, na kwa sababu nina mwandiko mzuri nikakabidhiwa funguo za kabati la dawa. Sista, yaani nesi wetu, huja Jumanne na Ijumaa asubuhi.

Jumapili iliyopita, wazee wakiwa kwenye ibada, nilimwaga kila kitu mezani nikahesabu. Dawa 147. Si vidonge nilivyohesabu, ni dawa, kila mzee na zake. Ni saba kwa kila mmoja ukigawanya, lakini hazigawanyiki hivyo: kuna shosho wa kilo 41 aliye na 14 peke yake. Nyingi ziko kwenye zile bahasha ndogo za kemisti, zimeandikwa kwa kalamu. Kwenye nyingine jina la dawa limefutika, imebaki 1×2 tu.

Hiyo 1×2 imeniletea mambo. Kijana mpya wa zamu ya usiku aliisoma "moja mara mbili", na kwa hesabu ya darasa la pili moja mara mbili ni mbili. Akawa anampa mzee vidonge viwili kwa mpigo, usiku nne mfululizo. Nilitaka kumgombeza, nikaitazama ile bahasha tena, nikaona hesabu yake haina kosa. Sasa nimeandika zote upya kwa maneno: kimoja asubuhi, kimoja jioni.

Lakini kuna yanayoninyima usingizi. Guka mmoja ana sukari, anameza metfomini na glibenklamidi. Mara mbili mwezi huu, saa kumi na moja alfajiri, tumemkuta ameloa jasho akiongea na mkewe aliyefariki zamani. Mara ya kwanza tulidhani ni malaria. Mara ya pili ni mpishi, wala si mimi, aliyesema mpeni chai yenye sukari nyingi. Baada ya robo saa Guka akawa anauliza mbona tumemzunguka. Jioni yake alikuwa amekataa chakula, lakini dawa alimeza. Zamu ya jioni inajua kuhesabu vidonge, haihesabu ugali uliobaki kwenye sahani.

Na yule shosho wa dawa 14. Nimefuata kadi zake moja moja. Kliniki ya presha walimpa amlodipini, miguu ikavimba. Binti yake akampeleka kwingine, akapewa Lasix, ya kutoa maji mwilini kwa mkojo. Lasix tunampa jioni, basi usiku anaamka mara nne, mara tano, na choo chetu kiko mwisho wa ukumbi. Kwa kuwa halali, akapewa amitriptilini. Machi akaanguka akienda huko chooni. Hakuvunjika, ila goti likabaki na maumivu, akaanzishiwa diklofenaki. Presha ikapanda. Akaongezewa losatani, na kwenye mfuko alioleta binti yake nimekuta losatani nyingine yenye jina la kibiashara. Alikuwa anameza zote mbili. Kila daktari alitibu alichokiona siku hiyo.

Swali langu ni nianzie wapi. Funguo ninazo, ruhusa ya kupunguza hata nusu kidonge sina. Nikimwambia binti yake kwamba hizi dawa ni nyingi, ananitazama kama ninayetaka kupunguza gharama za mamake. Na kliniki foleni ni ndefu, daktari anaangalia kadi ya ugonjwa mmoja, anapita kwa mwingine.

---

Kemisti_Kondele, Kisumu

Pole dada. Mimi niko kwenye kemisti mwaka wa kumi na nne sasa, na hizo bahasha nimeandika maelfu kwa mkono wangu. Hiyo ya "moja mara mbili" imenichoma.

Guka hangoji Ijumaa. Glibenklamidi inakaa mwilini muda mrefu, na figo za mzee zinaitoa polepole, ndiyo maana inamwangusha alfajiri. Shirika la Afya Duniani, kwenye orodha yake ya dawa muhimu, limeandika wazi kwamba haifai kwa aliyepita miaka 60, likaweka gliklazidi badala yake. Marekani wana orodha inayoitwa ya Beers, iliyotoka mara ya kwanza 1991 kwa ajili ya wazee wa nyumba kama yenu, na hiyo pia inaionya. Inaendelea kutolewa kwa sababu ni bei rahisi na haikosekani. Mpigie sista leo, useme hivi hivi: "Sukari imemshuka mara mbili alfajiri." Kama hamna kipimo, muulizeni mhudumu wa afya ya jamii wa kwenu, vifurushi walivyoanza kupewa 2023 vilikuwa na mashine ya presha na ya sukari. Lakini akishatokwa jasho na kutetemeka msingoje mashine, sukari kwanza. Asipoweza kumeza, msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Na asipokula, mtu ampigie sista kabla hajapewa ile dawa.

Shosho umeshamfumbua mwenyewe. Amlodipini huvimbisha miguu, na maji ya namna hiyo Lasix haiyatoi vizuri. Diklofenaki hupandisha presha, na ikikutana na losatani pamoja na Lasix, figo zinapigwa pande tatu. Amitriptilini inamlevya, inamfungia choo, inamwangusha. Losatani mbili ni kosa tupu, hilo nalo la kupiga simu leo.

Ila usikatishe chochote mwenyewe. Atenololi, prednisoloni, dawa za kifafa, ukiziacha ghafla zinaleta balaa. Hata amitriptilini hupunguzwa kidogo kidogo.

Kitu kimoja zaidi: andika jina la dawa yenyewe, si jina la boksi. Ndipo utaona ni wangapi wanameza pacha.

---

MtotoWaKakamega

Salamu kutoka Uingereza. Nafanya kazi nyumba ya wazee huku, mwaka wa tatu.

Usidhani huku wamemaliza tatizo. Mwaka 2009 ulitoka utafiti wa nyumba 55 za hapa, wakaazi 256, kila mmoja na dawa kama nane. Siku walipokaguliwa, karibu saba kati ya kumi walikutwa na angalau kosa moja kwenye dawa zao. Na hii ni nchi yenye kompyuta kila meza.

Kilichonisaidia mimi ni karatasi. Kila mkaazi ana yake: dawa, kiasi, saa, na kisanduku cha kutia sahihi ukishaona amemeza. UKISHAONA, si ukishampa. Mama mmoja hapa alikuwa anavificha shavuni, halafu tunavikuta kwenye chungu cha maua. Akikataa, unaandika amekataa na sababu. Baada ya wiki mbili karatasi inasema yenyewe: huyu anakataa ya saa nne usiku kila siku, basi saa ndiyo mbaya.

Anayegawa dawa huku huvaa aproni nyekundu iliyoandikwa asisumbuliwe. Nilicheka siku ya kwanza. Siku hizi nikiivaa hata meneja hanisemeshi. Na angalau mara moja kwa mwaka dawa zote za mkaazi hupitiwa upya, moja baada ya nyingine, na mwenyewe anaulizwa.

Usisahau matone ya macho, watu hawayahesabu kuwa dawa. Yale ya timololi yanaingia kwenye damu, yanaweza kupunguza mapigo ya moyo au kumbana kifua mwenye pumu. Halafu yale ya nyumbani. Kwetu mzee bila mukombero, ule mzizi wa kutafuna, mfukoni hajatoka nyumbani. Yaandike pia.

Swali: mnasaga vidonge? Zile nifedipini za kutoka polepole zisisagwe, mzee anapata dozi ya siku nzima kwa mara moja.

---

Nyar_Busia

Naomba niseme kwa niaba ya yule binti.

Mamangu ana miaka 83, anakaa na dada yangu Busia, mimi niko Nairobi. Kila dawa niliyomnunulia, niliinunua siku ambayo sikuweza kwenda kumwona. Sasa mtu asiyenijua akiniambia ni nyingi, mimi nasikia kwamba nimekosea kumpenda.

Usimwambie ni nyingi. Mwekeeni mezani, mshikie moja moja, umuulize: hii mama alipewa ya nini? Kwa upande wangu nilikwama kwenye ya tatu. Nikampigia daktari mwenyewe, bila kusukumwa na mtu.

---

MwenyeFunguo, Nakuru

Nimerudi, wiki tatu baadaye. Asanteni, na samahani kwa kimya, tulikuwa na mazishi.

Sista alikuja siku ile ile nilipompigia. Aliongea na daktari kwa simu, glibenklamidi ya Guka ikasimamishwa, amebaki na metfomini na kipimo cha kila asubuhi. Alfajiri sasa analala kama mtoto. Sukari imepanda kidogo, wamesema wataangalia kabla ya kuongeza kitu kingine.

Binti wa shosho nilimkalisha jikoni. Nilifanya kama Nyar_Busia alivyosema, nikanyamaza baada ya kuuliza, na kunyamaza ndiko kulikonishinda. Alijua tano kati ya 14. Akalia kidogo, kisha akasema tutaenda pamoja. Tulienda Jumatano alasiri, foleni ikiwa imekwisha, na karatasi moja yenye dawa zote. Daktari aliisoma mpaka chini, akageuza nyuma kuona kama kuna nyingine. Diklofenaki imetoka, losatani ni moja, amlodipini imepunguzwa nusu, Lasix imehamia asubuhi mpaka tuone miguu. Amitriptilini alikataa kuigusa, akasema turudi mwezi ujao. Presha ilisumbua wiki ya kwanza, nikaogopa sana, imetulia. Shosho bado anaamka mara mbili usiku. Tumemwekea taa ukumbini na kopo chini ya kitanda, analidharau.

MtotoWaKakamega, ndiyo, tulikuwa tunasaga. Nifedipini za watu wawili. Tumeacha. Aproni nyekundu hatuna, nimevaa shuka la Kimasai la mlinzi na watu wamenielewa.

Karatasi nimemaliza za wazee tisa, 12 bado. Tatizo jipya ni kogo. Alikuwa na dawa sita, sasa ni tatu, na jana wakati wa uji aliwatangazia wenzake kwamba nyumba imeishiwa pesa. Nilimweleza taratibu, akanisikiliza vizuri, akaitikia. Jioni nimepigiwa simu na kijana wake: mama ameagiza nyingine tatu, anauliza alete za rangi gani.