Aliyepiga makofi Mabamba leo anatufundisha subira

Jina sitaji, mnamjua wote, yule wa kizibao cha mifuko kumi na mbili na lenzi ndefu kama bomba la zimamoto. Nimefungua simu asubuhi hii nakuta ameposti korongo-nyangumi, yule ndege mkubwa wa kinamasini, anaruka, mabawa wazi, na chini kaandika "Subira yavuta heri". Subira! Yeye! Naandika hapa mikono inatetemeka.

Jumamosi tuliamka saa 9 usiku twende naye kinamasi cha Mabamba, Uganda, tukavuka maji pale Nakiwogo, tukaingia kwenye mtumbwi, njia yenyewe katikati ya mafunjo nyembamba mpaka majani yanakukwaruza masikio. Saa 2 kasoro tukampata huyo korongo amesimama. Anayemjua huyu ndege anajua ndiyo kazi yake, anasimama kama mlingoti anangoja kamongo apande juu kuvuta hewa, maana kamongo ni samaki lakini asipovuta hewa ya juu anakufa. Ndege analijua hilo, kwa hiyo hana haraka, na wewe unayetaka picha lazima ungoje naye. Tulingoja kwa muda wa saa tatu nzima. Miguu ilikufa ganzi, mbu walininywa damu ya kutosha wodi nzima, sikukohoa hata mara moja.

Halafu kipovu kimoja kikapanda juu ya maji. Ndege akainamisha mdomo kifuani, mabawa yakaachia kidogo, shingo ikaanza kwenda mbele. Akikamata huwa anajiangusha mzima mzima majini, kichwa, kifua, mabawa, sekunde moja imekwisha. Shata ya kamera yangu iko 1/2000 ya sekunde, kidole kiko kwenye kitufe.

PAA! PAA! PAA!

Makofi. Mtu mzima, ana mke na watoto, anapiga makofi katikati ya kinamasi ili ndege aruke apate picha ya mabawa!!! Ndege akaenda, kamongo akazama, yeye tatatatata picha arobaini halafu anasema "haya ndugu zangu tumepata, twendeni tukale."

Mzee wa kasia hakugomba. Aliweka kasia magotini, akatazama kule ndege alikoenda, akaniambia kwa sauti ya chini, "Ssebo, leo huyu harudi hapa." Na kweli hakurudi. Hawa ndege Afrika nzima hawafiki elfu 10, wakitaga mayai mawili kwa kawaida hulelewa kifaranga mmoja tu, na wewe unamnyima chakula chake kwa sababu umechoka kukaa? Mabamba imo kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhi oevu muhimu duniani, tangu 2006, si ukumbi wa harusi wa kupigia makofi.

Nasema tena, MAKOFI.

Mtoto_wa_Katwe: Saa tatu unatazama ndege amesimama? Mimi ningepiga ngoma kabisa

Bibi_Kamera: Wewe wa Katwe nyamaza, kazi hii huijui. Mleta uzi pole sana bambi. Huyo wa kizibao nilikuwa naye mbugani Ishasha, simba wamelala zao juu ya mkuyu miguu inaning'inia, akamng'ang'aniza dereva aache njia aingie kwenye majani na hifadhi imekataza. Simba jike akashuka akaondoka na watoto wake, magari mengine yote yaliyokuwa yanangoja yakabaki yanatazama matawi

Mleta uzi: MNAONA! Ni huyo huyo! Na Mabamba hakupiga kofi moja useme limemponyoka, alipiga matatu

Kasese_Boi: Ila tuseme ukweli picha yake ni kali. Wewe yako iko wapi?

Mleta uzi: Yangu ni maji na unyoya mmoja. Ya kwake kali kwa sababu ya makofi, mtazame ndege vizuri, shingo imegeuka nyuma anatazama kilichomtisha. Hiyo ni picha ya hofu

Kasese_Boi: Unyoya 😂😂😂 uposti basi tuone

Dada_wa_Kisoro: Afadhali nyie. Sisi Bwindi tuko nane, na magorila mnapewa saa moja tu, tumepanda mlima tangu asubuhi, mtu mmoja hajazima flashi wakati tumeambiwa kabla hatujaingia msituni. Dume likasimama. Mimi nilichuchumaa kwenye majani yanayowasha natazama chini, saa yetu ikaishia hapo. Pesa ya kibali nilidunduliza mwaka mzima

Bibi_Kamera: Flashi kwa gorila?? Huyo arudishwe kupiga picha za pasipoti

Mtoto_wa_Katwe: Mkitaka kulia njooni kwangu, kwanjula ya dada yangu, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, mpiga picha alikula matoke sahani tatu, akachukua nusu ya pesa, mpaka leo miezi minne "picha ziko kwenye kompyuta"

Kasese_Boi: Ni yule wa gari jeupe? Mwenye stendi imefungwa kwa kamba?

Mtoto_wa_Katwe: HUYO HUYO

Dada_wa_Kisoro: Ana picha za binamu yangu pia jamani!!

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye makofi

Kasese_Boi: Wa Katwe, kwangu alisema memori kadi imeliwa na panya. Nani anajua anakaa wapi sasa hivi, twende Jumapili

Dada_wa_Kisoro: Nimesikia amehamia upande wa Mukono. Mimi nakuja na binamu