Sayansi ya Kompyuta, Uhandisi wa Programu au TEHAMA: ipi ijazwe ya kwanza KUCCPS?

Bi Langoni (Lamu)
Assalam aleikum wanabaraza. Kijana wetu amemaliza KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, na sasa tunajaza KUCCPS, maombi ya nafasi za vyuo. Ametaja kozi tatu: Sayansi ya Kompyuta, Uhandisi wa Programu na TEHAMA. Mimi naona zote ni kompyuta. Ipi aweke ya kwanza? Naomba jibu la haraka, twataka kumaliza wiki hii.

Fundi wa Mokowe
Waaleikum salaam Bi. Mbona hujatupa cha kushika? Alipata gredi gani ya jumla? Hisabati je? Fizikia alisoma? C+ yamfungulia digrii, lakini kozi hizi hugombewa kwa pointi za klasta, yaani za masomo yanayodaiwa na kozi. Na yeye mwenyewe apenda nini: kuunda programu, kufunga mitandao, au hesabu zenyewe? Bila hayo tutakuwa twapiga ramli.

Binti Barani (Malindi)
Aweke Uhandisi wa Programu. Humo mtu hufundishwa kazi yenyewe: kukusanya mahitaji ya mteja na kuyaandika yakaeleweka, kusanifu mfumo, kuujaribu, na kuutunza baada ya kuukabidhi. Wa Sayansi ya Kompyuta hutoka na nadharia tele, lakini mwambie aandike majaribio ya programu yake, hajui aanzie wapi.

Mwalimu wa Hisabati
Binti, hapo umezidisha. Orodha ya majina 1,000,000 iliyopangwa kwa alfabeti, ukiigawa nusu kwa nusu, jina hupatikana kwa ulinganisho 20 hivi. Ukisaka moja moja, waweza kufika 1,000,000. Asiyeijua hiyo nadharia ataandika programu inayokwenda vizuri kwa wateja 50, ikwame wakifika 50,000, na asijue kwa nini.

Bi Langoni, usiende na jina la kozi. Chukua orodha ya yuniti za miaka yote minne uisome na kijana. Mwaka wa kwanza hufanana sana: utangulizi wa programu, hisabati, misingi ya kompyuta. Tofauti hutokea mwaka wa 2 na wa 3. Ukiona nadharia ya otomata (mashine za kinadharia), vikusanyaji (compilers, vya kugeuza msimbo uwe lugha ya mashine), mifumo endeshi na algorithimu kwa kina, hiyo ni Sayansi ya Kompyuta hata wakiiita vingine. Ukiona uchambuzi wa mahitaji, usanifu wa mifumo, majaribio na usimamizi wa miradi, hiyo ni Uhandisi wa Programu. Mitandao, usimamizi wa seva na huduma kwa watumiaji ni TEHAMA. Ripoti ya 2020 ya ACM na IEEE, jumuiya za wataalamu wa kompyuta na uhandisi, imezitenga hizi kuwa taaluma mbalimbali, pamoja na uhandisi wa kompyuta, mifumo ya habari, usalama wa mtandao na sayansi ya data.

Jamaa wa Shela
Nanyi mwaipita TEHAMA kama haipo. Hoteli, hospitali, ofisi za kaunti, zote zina seva na mtandao wa kutunzwa. Wangapi wenye digrii za programu wanaojua kurejesha hifadhidata kutoka kwenye nakala rudufu? Nakala hupigwa kila usiku, hakuna aliyewahi kuijaribu, na siku ya shida faili haifunguki.

Nahodha wa Data (Malindi)
Nitawapa kisa, mwone kozi hizi zinavyokutana. Chuo nakiacha bila jina. Wanafunzi wanne, mradi wa mwaka wa mwisho: mfumo wa kukata tikiti za basi Malindi hadi Mokowe. Programu ilikuwa ikiiuliza hifadhidata kwanza, "kiti 14 ki wazi?", kisha kwa hatua ya pili ikiandika jina la abiria. Kwenye laptopu moja ilikwenda vizuri muhula mzima. Siku ya kuwasilisha, watahini wawili wakabonyeza pamoja kwenye mashine mbili. Wote wawili waliuliza kabla yeyote hajaandika, wote wakaambiwa kiti ki wazi, kiti kimoja kikauzwa mara mbili.

Dawa yake ni fupi: kwenye jedwali la tikiti weka sharti la UNIQUE (isijirudie) juu ya safari na namba ya kiti kwa pamoja. Wa pili akija, hifadhidata yenyewe yamkatalia, na programu yamwambia achague kiti kingine.

Malipo nayo yalikuwa na lake. Taarifa ya malipo ya simu yaweza kuifikia seva zaidi ya mara moja, na wao hawakukagua namba ya muamala kabla ya kuongeza hesabu. Juu ya hayo, msimbo ulikuwa ukipitishwa kwa flashi. Wawili walirekebisha faili moja, kazi ya mmoja ikafutwa na ya mwenziwe. Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, ingewaonyesha mgongano huo palepale.

Sayansi ya Kompyuta ndiyo ingewaeleza kwa nini maombi mawili hupishana. Uhandisi wa Programu ungewalazimisha kuandika jaribio la wanunuzi wawili tangu mwanzo.

Binti Barani
Umenisaidia, Nahodha. Jaribio ndilo lililokosekana.

Mwalimu wa Hisabati
Mtu hajaribu asilolijua. Ndiyo maana napenda vyuo vinavyoanza na lugha ya programu ya C badala ya Python. Andika `char jina[11]`, yaani nafasi 11 za herufi, kisha unakili humo "Abdulrahman". Jina lina herufi 11, na alama ya kufunga yataka nafasi ya 12. Alama hiyo yaangukia kumbukumbu isiyo yake, na programu yaweza kwenda sawa leo, kesho ikaanguka. Hapo mwanafunzi aielewa kumbukumbu.

Jamaa wa Shela
Na nusu ya darasa huichukia kozi kabla ya muhula kwisha. Python kwanza, C mwaka wa pili.

Bi Langoni
Shukrani wanangu. Ana B, Hisabati B+. Fizikia hakusoma, alichukua Biolojia na Kemia. Hupenda kutengeneza tovuti. Na laptopu ya 8 GB yatosha?

Fundi wa Mokowe
Bi, hilo la Fizikia ndilo lingetangulia! Kabla ya yote, fungua kila kozi kwenye tovuti ya KUCCPS, chuo kwa chuo, usome masomo ya klasta na gredi ya chini ya kila somo. Inayodai Fizikia iondoeni, msipoteze chaguo.

Laptopu: 8 GB yatosha kwa tovuti, lakini Android Studio, ya kuundia programu za simu, ikiwa na simu ya kuigiza italemea. Kabla ya kununua, uliza kama RAM (kumbukumbu ya kazi, ndiyo hiyo 8 GB) imechomelewa kwenye ubao. Ikiwa imechomelewa, chukua 16 GB moja kwa moja, maana hutaweza kuongeza. Diski iwe SSD, ile ya kasi isiyozunguka.

Jamaa wa Shela
Na kwa hapa Lamu usiiweke dirishani. Hewa ya chumvi huanza kula soketi ya chaji na za USB.

Binti Barani
Apenda tovuti na ana B+ ya Hisabati. Mimi bado nasema Uhandisi wa Programu.

Mwalimu wa Hisabati
B+ hiyo yaimudu Sayansi ya Kompyuta pia. Bi, ukishapata orodha za yuniti, ziweke hapa tuzisome pamoja.