Naomba ushauri: mchuzi wa nazi unang'aa mno kwenye picha

Wakuu, habari za saa hizi. Napiga picha za samaki wa kupaka kwa simu, za kuweka kwenye menyu, dirisha likiwa kushoto, saa tatu asubuhi. Dirishani nimetundika shuka jeupe, kulia nimesimamisha kadibodi nyeupe kupunguza kivuli. Taa ya dari nimezima, maana inaugeuza wali kuwa wa njano.

Shida ni mchuzi. Mafuta ya nazi yakijitenga juu yanaakisi dirisha zima, linabaki baka jeupe tupu. Nimeshusha mwangaza kwenye kamera ya simu hadi -0.7, baka limepungua, ila wali sasa ni wa kijivu kama jivu.

Je, nizungushe meza mwanga utokee nyuma, au nihamishe simu tu? Na kotmiri niiweke lini isinyauke kwa mvuke?